Kanuni ya Majina Matatu

"Mwanangu, hebu nambie, miye nilikufa lini?"

Aliyeuliza alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, mkoba wa ukindu mkononi na jasho jembamba juu ya mdomo. Alikuwa ametoka Konde asubuhi ile. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua gari ya kurudia inaondoka wakati gani. Nilitazama skrini, nikamtazama yeye, nikarudi kwenye skrini.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Nilikuwa nimerudi Pemba na shahada yangu ya kompyuta na tabia yangu ya kuhoji kila kitu, tabia ambayo chuoni walimu waliisifu na nyumbani kwetu Tibirinzi mama aliiita maradhi. Ofisi ilikuwa Chake Chake, ghorofa ya juu ya nyumba kongwe yenye ngazi za mbao zilizolia kila ulipozikanyaga. Ulikuwa mradi mdogo wa kuwapatia dawa wagonjwa wa sukari na wa presha kisiwani. Mgonjwa aliandikishwa, akapewa kadi, na kila mwezi wake ulipotimia kituo cha afya cha karibu naye kilipokea ujumbe kwenye simu: fulani apewe dawa yake. Bila ujumbe ule, mtoa dawa hakuruhusiwa kufungua friji. Zamani dawa zilikuwa zikipotea njiani, kwa hiyo mkono wa mtu ulikuwa umeondolewa na mahali pake pakawekwa mtambo.

Mtambo wenyewe ulikuwa seva moja nyeusi katika chumba cha nyuma, chumba chenye feni ukutani na harufu ya vumbi lililopata moto. Ndani yake mlikuwa na kanuni. Kanuni ni sentensi tu: ikiwa mgonjwa yu hai, na kadi yake haijafungwa, na mwezi wake umetimia, basi idhinisha dawa. Kila alfajiri mtambo ulizisoma kanuni zote na kuzikompaili, yaani kuzigeuza kutoka maneno ya watu kuwa lugha ya mashine, kisha ukawapitisha wagonjwa wote chini yake. Uzuri wa mpango huo, tuliambiwa, ni kwamba mwenye kuandika kanuni hana haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kwetu ziliandikwa na muuguzi mstaafu ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, aliyezalisha akina mama wengi kiasi kwamba akipita sokoni watu wazima walimwamkia kama watoto wa madrasa.

"Umenyamaza," alisema yule mwanamke. "Au mauti yangu ni siri ya serikali?"

"Bibi, hapa imeandikwa marehemu," nilisema. "Lakini ni makosa."

"Najua ni makosa. Ningekuwa nimekufa nisingetoa nauli."

Bi Mkubwa, aliyekuwa meza ya pili, alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Wa Konde hawa. Hata sanda watataka wapunguziwe bei."

"Sisi twataka tupunguziwe, nyinyi wa Chake mwatuvisha wazima wazima," alijibu yule bibi, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti. "Aliyekufa ni dada yangu. Kafariki kabla ya Ramadhani, kwa kidonda cha mguu. Kilianza kama mwiba tu, kikakataa kupona. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Baba alikuwa na nyumba mbili, ya juu na ya chini, kila nyumba na mke wake. Alipozaliwa binti kule juu akapewa jina la mama yake baba. Nilipozaliwa miye huku chini, mama yangu akasema mwanawe hanyimwi jina la bibi yake. Basi tukawa wawili, jina moja. Yeye wa Juu, miye wa Chini. Ukiliita jina tupu, tulikuja sote."

"Jina lenu, la baba na la babu, yote sawa," nilisema.

"Yote sawa. Tulikuwa kitu kimoja siye."

Nilikielewa kisa, au nilidhani hivyo. Mtambo ulikuwa umewachanganya ndugu wawili, mmoja alipofariki ukamzika na mwenziwe. Jambo la kurekebisha kwa kubofya mara moja. Nilifungua taarifa zake, nikafuta neno marehemu, nikaandika hai. Nilimweleza kwamba wagonjwa wa leo mtambo umekwisha kuwapitia, kesho asubuhi ujumbe wake utafika kituoni Konde.

"Kesho," alisema, akiinuka. "Sindano niliyobaki nayo naona mwisho wake kwenye chupa. Usinisahau, mwanangu. Miye maiti mwenye njaa."

Asubuhi iliyofuata nilifungua jina lake kabla ya kuvua koti langu la mvua. Marehemu.

Nilidhani sikuhifadhi vizuri. Nilimfufua tena, nikahakikisha kwa macho yangu kwamba imehifadhiwa, nikatoka na kurudi mara kadhaa kuangalia. Siku nzima alibaki hai. Kulipokucha, alikuwa amekufa.

Mlinzi wetu wa mlangoni aliposikia alishauri tuifukize seva ubani. Hakuwa akitania. Nilimwambia mashine haina mahali pa kuingia shetani, akanijibu kwa upole kwamba hata yeye zamani alidhani hivyo kuhusu watu. Sikuamini mambo hayo na siyaamini sasa, lakini nilipoingia chumba cha nyuma kusikiliza feni ikinguruma nilijikuta nimeuacha mlango wazi nyuma yangu.

Wakati huo ofisi nzima ilikuwa imeshughulishwa na tatizo jingine. Mtambo ulikuwa umeanza kuchelewa. Nilipoajiriwa, kazi ya alfajiri ilikuwa imekwisha kabla Bi Mkubwa hajamaliza chai yake. Polepole ikasogea hadi wakati watu wanatoka sokoni na samaki, kisha ikakaribia adhuhuri, na simu za vituo zikawa hazikatiki: wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi, ujumbe uko wapi? Mkuu wetu, mtu wa ukoo wa Kiarabu ambao zamani ulikuwa na mashamba ya mikarafuu na sasa umebaki na adabu nzuri na kahawa nzuri, alikuwa ameamua kwamba seva imezeeka. Ikaongezwa kumbukumbu. Ikawa nyepesi kwa muda mfupi, kisha ikarudia uzito wake na kuzidi, kama mtu aliyepewa godoro laini zaidi akalala zaidi.

"Je, ikiwa ni tatizo moja?" nilimuuliza. "Kuchelewa, na yule bibi wa Konde?"

"Bi Suali," alisema, maana ndilo jina alilonibandika, "mbona kwako kila kitu lazima kiwe na mama mmoja?"

"Kwa sababu vyote vimeanzia nyumba moja."

Alinikubalia kwa kuinua kikombe. Nilikaa mbele ya mtambo nikauwekea vipimo, ili kila kanuni iandike muda inaoutumia. Nilitarajia muda utagawanyika, kidogo huku, kidogo kule. Haukugawanyika. Karibu wote ulikuwa ukiliwa na kanuni moja, na zile nyingine zilikuwa zimesimama kwenye foleni nyuma yake.

Kanuni hiyo iliandikwa mwanzo kabisa wa mradi, kabla sijafika. Wakati wa kuandikisha wagonjwa, baadhi yao walijiandikisha vituo viwili, na mkuu hakutaka mtu mmoja ahesabiwe mara mbili. Ikaandikwa, kwa kufuata mfano uliokuja na mtambo: ikiwa watu wawili wana majina matatu yanayofanana, na wilaya moja, na umri usiopishana sana, basi wahesabu kuwa ni mtu mmoja, na ushike habari ya mwisho iliyopatikana juu yake.

Kwa mtu aliyeutengeneza mtambo ule, sijui wapi, kwa watu gani, kanuni hiyo ilikuwa na maana. Aliamini kwamba jina humtenga mtu na wengine. Kwetu jina humkutanisha nao. Mjukuu humchukua babu, binti humchukua bibi, na aliyezaliwa baada ya msiba huchukua jina la aliyeondoka ili lisipotee nyumbani. Majina machache yanazunguka kisiwani kama ndoo kwenye kisima kimoja. Mtambo ulikuwa ukiwachambua watu kwa majina ili upate makundi madogo ya kulinganisha, na badala yake ulipata makundi makubwa, halafu ndani ya kila kundi ukamlinganisha kila mmoja na kila mwenziwe. Mbaya zaidi, kila ulipowaunganisha wawili taarifa zao zilibadilika, na kila taarifa ilipobadilika kanuni iliamka upya na kuanza kuwalinganisha tena. Tulivyozidi kuandikisha watu, ndivyo ulivyozidi kujizungusha. Kuchelewa kule kulikuwa ni mtambo ukitafuta, asubuhi nzima, nani na nani ni mtu mmoja.

Nililisoma lile fungu la mwisho tena: ushike habari ya mwisho. Maana ya mtu kufa ni kwamba hakuna habari nyingine itakayokuja baada yake. Mimi nilipoandika hai, niliandika kwenye kadi moja. Kanuni ilipoamka alfajiri ilikwenda kwenye tarehe ya mauti ya yule dada, ikaiona ndiyo tukio la mwisho kuthibitishwa na kituo, na ikaifuta kazi yangu.

Basi nikatafuta wengine. Nilitoa majina ya wote waliofariki tangu mradi uanze, kisha nikaangalia nani alifungiwa dawa baada ya kila mmoja wao. Sikuyapenda niliyoyaona. Kila kifo cha kweli kilikuwa kimevuta kingine kisicho cha kweli, na mara nyingine zaidi ya kimoja. Mzee wa Micheweni alikuwa amefuatwa na binamu yake. Mama wa Mkoani, na mpwa wake. Walikuwa wakiishi, wakilima, wakienda msikitini, na mtambo ulikuwa umewaweka upande wa pili. Wengi hawakulalamika. Walikwenda kituoni, wakaambiwa hakuna ujumbe, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba dawa zimekwisha kama zilivyozoea kwisha.

"Tuizime kanuni hii leo," nilimwambia mkuu.

"Haizimiki. Zile nyingine zote zinangojea jibu lake. Ukiizima, hakuna atakayeidhinishwa kisiwa kizima."

"Basi tumpe yule bibi dawa kwa mkono."

Alikizungusha kikombe mezani. Alikuwa mtu mwema na alikuwa mwoga, na mambo hayo mawili yalikuwa yakipigana usoni pake. "Nikiufungua mlango huo mara moja, sitoweza kuufunga," alisema. "Irekebisheni. Kesho awe hai."

Tuliirekebisha, Bi Mkubwa na mimi, kichwa kwa kichwa. Aliandika yeye, kwa Kiswahili chake kilichonyooka: watu wawili ni mmoja ikiwa tu nambari ya kitambulisho cha mkaazi nayo ni moja. Aliguna alipomaliza. "Ingetosha kuwauliza jina la mama. Fomu nzima baba, babu, baba, babu. Kama kwamba watu wamezaliwa na msikiti." Akahifadhi. Skrini ikajibu: imehifadhiwa. Tulipiga simu Konde kwa jirani wa yule bibi, tukamwambia kesho, inshallah.

Kulipokucha mtambo ulikuwa mzito kama jana, na yeye alikuwa marehemu.

Ni vigumu kueleza kilichonipata. Nilikuwa na kanuni mpya mbele yangu, nikaisoma neno kwa neno, kitambulisho kipo, kila kitu kipo. Na mtambo huo huo, chumba cha pili, ulikuwa ukitenda ile ya zamani. Mkuu alisoma juu ya bega langu na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Bi Mkubwa alisoma, akasema, "Audhubillahi," akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa chafu. Nje mvua ya vuli ilikuwa imeanza, na umeme ukapepesuka mara moja, kisha ukatulia.

Ndipo simu ikalia.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Konde, polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga. "Miye bado maiti?"

"Tunashughulikia, bibi. Unajionaje?"

"Kiu. Nakunywa mtungi mzima na ulimi hauloi."

Bi Mkubwa aliipokea simu mkononi mwangu bila kuomba. Alimwuliza maswali mafupi: chupa imekwisha lini, anatapika, anapumua vipi. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Alipokata, tayari alikuwa akilitafuta buibui lake. "Mimi nakwenda kumchukua nimlete hospitali. Natoka na gari ya ofisi," alimwambia mkuu, wala hakuwa akiomba ruhusa. Kisha akanigeukia. "Wewe mwenye masuali, muulize huyo jini wako. Maana anajibu kila siku, ila hatujui anajibu suali gani."

Ngazi zikalia chini ya miguu yake. Nilibaki na maneno yake, na yakawa ndiyo yaliyonifungua macho. Tulikuwa tumedhani mtambo hautii kanuni yetu. Hatukuwa tumeuliza kama umewahi kuipokea.

Kazi ya kukompaili ilikuwa ikifanyika alfajiri, ofisi ikiwa tupu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuishuhudia. Niliamuru ifanyike pale pale, mchana, mbele yangu. Mistari ikapanda kwenye skrini, ikapanda, ikasita. Kisha ikaandika kwamba imeshindwa, kwa kuwa imekuta kanuni mbili zenye jina moja. Chini ya hapo, kwa herufi zile zile za utulivu, iliandika kwamba itaendelea kutumia toleo la mwisho lililofanikiwa.

Nilimwita mkuu. Tulisimama tukiutazama mstari ule kama watu wanaotazama nyufa ukutani.

"Toleo la mwisho lililofanikiwa ni la lini?" aliuliza.

Nililitafuta. Lilikuwa la kabla ya masika. Mvua zote za masika zilikuwa zimenyesha na kupita, kipupwe kikaja na kuondoka, karafuu zikavunwa na kuanikwa, na mtambo ulikuwa ukitumia kanuni za wakati ule. Kila tulichobadilisha baada ya hapo kilihifadhiwa, kikapata jibu la kuhifadhiwa, na hakikuwahi kufanya kazi hata asubuhi moja. Maonyo yalikuwa yakitumwa, tena kila siku, kwa barua pepe ya fundi aliyeusimika mtambo, ambaye mkataba wake ulikwisha akaenda zake.

"Maana yake," mkuu alianza, akaacha.

"Maana yake tumekuwa tukizungumza na ukuta," nilisema.

Nilimpigia Bi Mkubwa. Nilisikia gari, mvua juu ya bati la gari, na nyuma yake mtu akivuta pumzi ndefu, za haraka. Alikuwa ameshamchukua.

"Ile kanuni ya zamani uliifanya nini?" nilimuuliza.

"Nimeiacha pale chini. Imetumika, imezeeka, siitupi."

"Na mpya umeipa jina gani?"

"La ile ile, basi. Ndiyo iliyoshika nafasi yake. Utaipaje jina la ugenini? Kwani?"

Hakufanya hivyo mara moja tu. Kila kanuni aliyoiandika upya tangu masika alikuwa ameirithisha jina la iliyotangulia, na iliyotangulia akaiacha imelala chini yake, kwa heshima. Mkuu alikuwa akizipitia na hakuona ajabu. Mimi nilikuwa nimeziona pia, na sikuona ajabu. Mimi mwenyewe nina jina la bibi yangu. Kisiwani kwetu angeweza kuingia mtu yeyote ofisini mle, akasoma kanuni zile, na akaona ni jambo la kawaida kabisa kwamba kuna mbili na zinaitwa sawa. Mtambo tu ndio uliokataa. Majina mawili yanayofanana ya watu uliyafanya mtu mmoja. Majina mawili yanayofanana ya kanuni yaliufanya uache kutusikiliza.

Niliziondoa za zamani, moja baada ya nyingine. Sikumwambia Bi Mkubwa nimezitupa; nilimwambia nimezihamisha. Nikaamuru tena. Mistari ikapanda, ikafika kule iliposita, ikapita. Kisha wagonjwa wakapitishwa, na kahawa iliyokuwa mbele ya mkuu ilikuwa bado inatoa moshi ilipokwisha kazi. Yule binamu wa mzee wa Micheweni akawa hai. Mpwa wa Mkoani akawa hai. Feni ya chumba cha nyuma ikashusha sauti. Katika ukimya ule simu ya mtoa dawa wa Konde ikaita kutuarifu kwa furaha kwamba ujumbe wa bibi umefika, ila mwenyewe haonekani.

Mwenyewe alikuwa njiani, amelaza kichwa kwenye mapaja ya Bi Mkubwa, hajui tena anapelekwa wapi.

Nilikwenda hospitali jioni, na nikarudi kila jioni iliyofuata. Siku za mwanzo hakunitambua. Bi Mkubwa alikaa kando ya kitanda akivuta uradi, na nilipomwuliza atapona alinijibu kwamba mimi ndiye niliyesoma. Baadaye, jioni moja, nilikuta mto umewekwa wima na yeye ameuegemea, macho makubwa katika uso uliopungua.

"Nimefufuka?" aliuliza.

"Umefufuka, bibi. Kwenye mtambo ulitangulia wewe, mwili umefuata."

"Basi mtambo umenishinda mbio." Akanyoosha mkono kwenye mkoba wake wa ukindu, uliokuwa sakafuni. "Nipe leso yangu humo."

Nilipokuwa nikiitafuta leso nilikuta kitambaa kimekunjwa, na ndani yake bomba la sindano, la zamani, lililochemshwa na kutumika mara nyingi mno. Katikati ya bomba kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, wa rangi ya kucha. Nilidhani ni kwa ajili ya macho. Wazee wengi hawazioni vizuri zile alama ndogo za kiwandani, na kijana mmoja nyumbani huwawekea alama kubwa. Nikakikunja kitambaa, nikampa leso yake.

Alirudi Konde. Fomu ikaongezwa jina la mama. Maonyo ya mtambo yakaelekezwa kwangu, na kwa muda mrefu kitu cha kwanza nilichokifanya kila nilipoamka ni kuyaangalia. Mkuu aliandika taarifa nzuri kwa wafadhili, ambamo tatizo liliitwa la kiufundi na limetatuliwa, na kwamba hakuna aliyepoteza maisha. Niliisoma kabla haijapelekwa, na mimi ninayehoji kila kitu sikuona la kuhoji. Yule bibi alikuwa hai. Nilijua kanuni ile imemfanyia nini na lini: dada yake alifariki, kifo chake kikaandikwa, na kanuni ikawaunganisha.

Niliacha kazi ile baadaye, nikaenda Unguja, nikarudi kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu wa chuo, huko Konde. Asubuhi ya baada ya harusi niliuliza nyumba ya chini. Nilimkuta barazani akichambua mchele, amenenepa, akanitazama muda kidogo kabla ya kunijua.

"Yule aliyenifufua," aliwaambia kuku. "Karibu, mwanangu. Kaa. Siku hizi dawa yatosha, hata yabaki."

"Zamani haikutosha?"

"Zamani ilikuwa ya kugawana. Miye na wa Juu twaenda na kadi mbili, ujumbe waja mmoja. Mtoa dawa akatwambia labda wamepunguza. Tukasema alhamdulillahi, hata hiyo."

Nilimwuliza tangu lini. Nilitaka aseme ni mwisho mwisho, karibu na kile kidonda.

"Tangu tulipoandikishwa," alisema, na hakuacha kuchambua mchele. "Chupa moja, watu wawili. Yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyekuwa akipima. Kanitilia mstari mwekundu kwenye bomba langu, nusu kwa nusu, kaniambia na lake liko vivyo hivyo. Nilipokuwa nikikusanya vitu vyake baada ya hitima ndiyo nikaliona hilo bomba lake. Mstari wake ulikuwa chini ya wangu."